Kiingereza cha biashara chuoni: si lazima mwalimu awe mhasibu

Je, mwalimu wa Kiingereza cha biashara chuoni ni lazima awe na shahada ya biashara? Hapana, halazimiki. Dudley-Evans na St John, wataalamu wa ufundishaji wa Kiingereza cha fani maalumu, mwaka 1998 walimtajia mwalimu wa aina hii kazi tano: kufundisha, kuandaa kozi na vifaa vyake, kushirikiana na walimu wa fani husika, kutafiti na kutathmini. Hiyo ya kushirikiana ndiyo nzito. Hapa Moshi wanafunzi wa ushirika mara nyingi wanaijua AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao) na mnada wa kahawa kuliko mwalimu wao wa lugha. Yeye anawasaidia kumwandikia mnunuzi wa nje barua inayoeleweka, au kuandika muhtasari wa kikao. Nafundisha somo hili, na wenzangu wengi wanajiona wasaidizi wa namna hiyo, ingawa wapo wanaojihesabu walimu wa sarufi tu.