Ruta mbili nyumba moja: nani agawe anwani za IP?

SWALI

Habari za kazi, fundi. Mimi nipo Tanga. Nyumba kubwa ina intaneti ya faiba na ruta ya kampuni ipo sebuleni. Mama na mdogo wangu anayesoma chuo wanakaa vyumba vya uani. Nimevuta waya wa mita kama 35 kutoka tundu la LAN (lile la vifaa vya ndani) la ruta ya sebuleni, nikauchomeka kwenye tundu la LAN la ruta ya zamani niliyokuwa nayo. Mwanzoni ilikubali. Siku hizi simu za uani zinashika WiFi, alama imejaa, lakini intaneti hamna, kisha baada ya muda inarudi yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi ndiyo balaa. Laptopu ya mdogo wangu ilitoa ujumbe kwamba kuna mgongano wa anwani ya IP. Kijana mmoja akatushauri tuandike IP kwa mkono kwenye kila kifaa. Tumefanya hivyo kwa vifaa vitano, tatizo lipo palepale, na sasa hata printa haionekani. Ruta zote mbili zinafunguka kwa 192.168.1.1. Niandike namba zipi ili kila mtu apate?

JIBU

Salama, dada yangu. Ahsante kwa kutaja tundu ulilochomekea waya na anwani za ruta zote mbili, maana jibu limo humo. Usiandike namba yoyote kwenye simu wala laptopu. Tena zile tano mlizoandika, zifuteni. Kinachowasumbua ni kwamba nyumba moja ina wagawaji wawili wa namba, na wote wawili wanajitambulisha kwa jina moja.

Simu ikiingia kwenye WiFi haina anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni. Inapaza sauti mtandao mzima: “Nani atanipa namba?” Huduma iitwayo DHCP, iliyomo ndani ya ruta, ndiyo inayojibu. Inampa mgeni vitu vinne: anwani yake, ile namba ya 255.255.255.0 inayoonyesha mipaka ya mtandao wenu, getiwei, yaani mlango wa kutokea kwenda intaneti, na DNS ya kutafuta majina ya tovuti. Kwa kawaida kifaa huchukua jibu lililowahi. Kwenu majibu yanatoka pande mbili, kwa sababu waya wa LAN kwa LAN umeziunganisha nyumba zote mbili kuwa mtandao mmoja. Ruta ya uani, iliyo karibu na simu ya mama, inawahi kujibu, inatoa namba, kisha inasema mlango wa kutokea ni 192.168.1.1.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Simu inauliza tena, “192.168.1.1 ni nani?” Ruta mbili zinaitika kwa pamoja. Ikishikwa ya sebuleni, mama anapata intaneti. Ikishikwa ya uani, anaishia ukutani, kwa kuwa ruta hiyo haina njia yoyote ya kutoka nje. Simu hukumbuka ruta iliyoishika, lakini kumbukumbu hiyo hufutika na kuulizwa upya kila baada ya muda, ndiyo maana intaneti inaondoka na kurudi bila mtu kugusa kitu. Umeme ukirudi, vifaa vyote vinaamka na kuuliza kwa mkupuo, na bahati nasibu inaanza upya.

Ujumbe wa mgongano nao una chanzo hichohicho. Kila ruta ina daftari lake na haioni la mwenzake. Ruta nyingi huanza kugawa kuanzia 192.168.1.100 au 192.168.1.2. Ya sebuleni inaweza kuipa televisheni 192.168.1.103, na ya uani ikaipa laptopu namba ileile, kila moja ikiamini iko sahihi. Mlipoanza kuandika kwa mkono mkaongeza mgawaji wa tatu asiye na daftari kabisa. Printa ikapotea.

Ukitaka kuhakikisha kabla ya kugusa chochote, chukua laptopu ya Windows, fungua CMD, lile dirisha la kuandika amri, andika arp -a wakati intaneti ipo. Tazama mstari wa 192.168.1.1: pembeni kuna namba ndefu ya herufi na tarakimu, hiyo ni anwani ya MAC, alama ya kiwandani ya kifaa chenyewe. Rudia intaneti ikikata. Ikiwa imebadilika, umewakamata wawili hao. Linganisha na kibandiko kilicho chini ya kila ruta. Tarakimu ya mwisho inaweza kupishana kidogo, wewe angalia zile za mwanzo.

Sasa tiba. Kwa familia moja inayotumia printa moja, napendelea ruta ya uani iache kuwa ruta, ibaki kuwa ya kusambaza WiFi tu. Anza sebuleni. Ingia 192.168.1.1 kwa waya au WiFi ya nyumba kubwa huku waya wa kwenda uani umechomolewa, nenda sehemu ya LAN au DHCP, utazame inagawa kuanzia namba gani hadi gani. Ruta za makampuni mara nyingi hugawa zote, kuanzia 2 hadi 254, na hatua hii ndiyo watu wengi huiruka. Ibane igawe 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Anwani 100 zinawatosha nyie na wageni wa Idi. Namba zilizo chini ya 100 zinabaki akiba yako, na hakuna atakayezigawa bila wewe kujua.

Kisha hamia ruta ya uani. Iunganishe na laptopu peke yake kwa waya na uzime WiFi ya laptopu, ili usije ukafungua ruta ya sebuleni ukidhani ni hii. Badilisha kwanza anwani yake ya LAN kutoka 192.168.1.1 kuwa 192.168.1.2, hifadhi, iache iwake upya, uingie tena kwa 192.168.1.2. Hapo ndipo uzime DHCP yake. Fuata mpangilio huo huo. Ukizima DHCP mwanzo, laptopu yako haitapewa namba ruta ikiwaka upya, na utalazimika kujiandikia ya mkono ili uweze kurudi ndani. Ukimaliza, weka jina la WiFi na nenosiri, halafu urudishe waya LAN kwa LAN kama ulivyokuwa. Tundu la WAN la ruta ya uani, lile la kuingizia intaneti kutoka nje, libaki tupu. Usiongeze waya wa pili kati ya ruta hizo kwa kutafuta kasi, maana utatengeneza mzunguko na mtandao wote utalemaa. Urefu wa waya wako hauna shida, kwani kiwango cha nyaya hizi ni mita 100.

Rudi sasa kwenye vile vifaa vitano, uviweke kwenye kupata IP moja kwa moja. Hili nalisisitiza, dada. Kifaa kilichoandikiwa namba kwa mkono kinaweza kukosa intaneti siku namba za mtandao wa nyumbani zikibadilishwa, na miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka kwa nini. Nimeitwa nyumba nyingi kutengeneza “simu mbovu” ambayo kosa lake lilikuwa mistari mitatu tu iliyoandikwa na mtu mwenye nia njema.

Printa ndiyo inayostahili namba isiyobadilika, pamoja na mashine ya kamera za ulinzi kama mnayo. Hata hizo usiziandikie kwenye kifaa chenyewe. Kwenye ruta ya sebuleni tafuta sehemu ya kutenga anwani, iliyo ndani ya mipangilio ya DHCP, uandike MAC ya printa na namba utakayoipa, mfano 192.168.1.20. Ruta ikikataa kutenga nje ya eneo inalogawa, chagua iliyo ndani, mfano 192.168.1.150, ruta itajua kwamba hiyo ina mwenyewe. Printa itaomba kama vifaa vingine lakini itapewa hiyohiyo kila siku, na daftari linabaki moja.

Huenda mtu atakwambia ungetumia tundu la WAN la ruta ya uani. Njia hiyo ipo. Unaingiza waya kwenye WAN, unaipa ruta LAN tofauti kabisa, mfano 192.168.2.1, na DHCP yake inabaki imewashwa kwa sababu sasa inahudumia mtandao wake yenyewe. Namba ya tatu lazima itofautiane. Ukiacha 192.168.1 pande zote mbili, ruta haitajua kama 192.168.1.20 iko mbele yake au nyuma yake. Njia hii inafaa kwa jirani au mpangaji, ila kuna jambo linaloaminiwa kinyume na nimeona likiwaumiza wenye nyumba. Watu hudhani mpangaji aliye nyuma ya ruta ya pili hawezi kugusa vitu vya nyumba kubwa. Ukweli ni kwamba wewe ndiye usiyeweza kumfikia yeye. Yeye anapita kwako ili atoke nje, kwa hiyo kompyuta yake inaweza kuifikia printa yako na mashine yako ya kamera. Siku utakapopangisha vile vyumba, mpe mpangaji WiFi ya wageni inayotoka kwenye ruta ya sebuleni, ikiwa imefungiwa isione LAN, na usimpe nenosiri lenu.

Usiogope kwamba majirani zako nao wanatumia 192.168. Namba hizi zilitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, na haziendi kwenye intaneti. Anwani zote za mfumo wa IPv4 ni bilioni 4.3 hivi, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Kwa hiyo nyumba nzima inatoka kwa anwani moja ya nje, na ruta ndiyo inayokumbuka nani aliomba nini. Nyumba ya Tanga na nyumba ya Mwanza zinaweza zote kuwa na 192.168.1.1 bila kukutana kamwe. Tatizo ni pale namba inaporudiwa ndani ya uzio mmoja.

Sasa jaribu. Kwenye laptopu ya mdogo wako, akiwa WiFi ya uani, andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew, kisha ipconfig /all. Soma mistari mitatu. Anwani yake iwe kati ya 100 na 199. Getiwei iwe 192.168.1.1. Na mstari wa DHCP Server nao uwe 192.168.1.1. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, Windows imejipa yenyewe baada ya kuita bila kujibiwa, basi kagua waya na vichwa vyake kabla ya kurudi kwenye mipangilio. Ukiona mistari yote mitatu iko sawa na tovuti hazifunguki, andika ping 8.8.8.8, amri ya kuiita seva ya Google iliyoko nje. Ikijibu, njia ipo na kinachokwama ni DNS. Kaiangalie kwenye ruta ya sebuleni.

Mwisho zima ruta zote mbili ukutani, uziwashe kwa pamoja kama umeme unavyorudi, umwombe mama afungue video. Ikigoma, niandikie hiyo mistari mitatu ya uani na mitatu ya sebuleni, nitakuambia pa kushika.