Andika na siku za kuamia

Ndugu unayeanza kulima huku Lamu, uwe Hindi, Witu au Mpeketoni, nunua daftari kabla ya kununua mbegu. Lipe kila zao ukurasa wake, na ekari uipime kwa kamba, usiikisie.

Miaka mingi niliamini mahindi ndiyo yanayonilisha na kunilipia karo. Msimu wa kwanza wa kuandika, ekari moja ilinipa magunia manane ya kilo 90. Simsim, ekari ya pili, ilitoa kilo 200 tu, rundo lisilojaza hata pembe ya ghala. Kwa macho, mshindi alikuwa wazi.

Kisha nikafungua daftari. Mahindi: trekta 3,500, mbegu 2,500, palizi mbili 6,000, dawa ya viwavi 1,500, kuvuna na kupukuchua 3,000, magunia 500. Jumla 17,000. Dalali alinunua kilo kwa shilingi 30, nikapata 21,600. Faida 4,600. Simsim ilinigharimu 11,000: trekta ile ile, mbegu 500, palizi 4,000, kukata, kukausha na kupura 3,000. Kwa shilingi 120 kilo, iliingiza 24,000. Faida 13,000.

Hapo bado nilikuwa nimejidanganya. Mpwa wangu alikaa kwenye dungu, kile kilingo cha mlinzi shambani, siku 30 akiamia, yaani akilinda, mahindi dhidi ya nyani, na hakuna mahali nilipoandika jina lake. Ningemlipa mtu 200 kwa siku, ni 6,000. Gharama ikawa 23,000, na ile faida ikageuka hasara ya 1,400. Kijana wa watu ndiye aliyebeba hasara yangu bila mimi kujua, na jambo hilo liliniuma. Siku za mkeo, za watoto na zako mwenyewe, zote ziandike kwa bei ya kibarua.

Ukishapata jumla, igawe kwa kilo ulizovuna. Yangu, 23,000 kwa kilo 720, ni karibu shilingi 32. Nilikuwa nauza kwa 30 na kumshukuru dalali! Siku hizi namba hiyo naiandika juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu, kabla hajafika na mizani yake.

Simsim nayo ina masharti. Ukichelewa kuikata, vifuko hupasuka na mbegu humwagika chini. Kilo zilizopotea hazionekani kwenye daftari, kwa hiyo andika pia tarehe uliyokata.

Mahindi sikuyaacha. Msimu ule niliuza yote, kisha kiangazi nikayanunua dukani kwa 50 kilo. Sasa chakula cha nyumbani nakiandika kwa bei hiyo ya kununua, na nalima mahindi ya kutosha magunia matatu tunayokula. Sehemu iliyobaki ni ya simsim.