Simu kupata moto sio lazima umedukuliwa
Umesema simu inapata moto na chaji inaisha fasta, ukahisi usalama wa taifa wameshaingia. Ndugu yangu tulia kwanza, mara nyingi hiyo ni betri imechoka au kuna app inakula chaji kimyakimya, ingia kwenye setingi za betri uone ni ipi. Programu za ujasusi kama Pegasus ya kampuni ya NSO Group ya Israel hazijitangazi hivyo, mwaka 2019 ilikuwa unapigiwa tu WhatsApp, hata usipopokea imeshaingia, na simu kama 1,400 zililengwa, zikiwemo za waandishi na watetezi wa haki. Ni ghali mno, hawazimwagi hovyo kwa kila mtu.

Ila kama unajihusisha na uandishi au siasa usipuuze: apdeti simu kila apdeti ikitoka maana wadukuzi wanapitia mianya ambayo haijazibwa, izime na kuiwasha mara kwa mara (programu nyingine za ujasusi zinakaa kwenye memori tu, ukizima zinatoka, japo wanaweza kurudi), na kama ni iPhone washa Lockdown Mode (hali ya ulinzi mkali inayozima baadhi ya vitu ili kupunguza njia za kudukuliwa). Onyo la kwamba umelengwa na ujasusi likija kutoka Apple, usibonyeze linki yoyote, ingia mwenyewe kwenye akaunti yako utaliona huko kama ni la kweli.