Hati ya Tajnisi ya 1894 Chicago: Masijala ya Mahakama Ipi?

SWALI: Ninaishi Illinois na mume wangu Mmarekani. Babu mzaa babu yake, mhamiaji wa Kijerumani wa ukoo wa Meyer, alipewa uraia Chicago mwaka 1894. Nimepekua PACER, mfumo wa kompyuta wa mahakama za shirikisho, nisione kitu. Tovuti moja inataka dola 95 ili itafute "kumbukumbu zote za mahakama za Marekani", na imedokeza kwamba huenda jalada liliteketea katika moto wa Chicago. Nilipe?

JIBU: Usilipe, dada. Moto huo uliunguza jengo la mahakama ya Kaunti ya Cook mwezi Oktoba 1871, miaka zaidi ya 20 kabla jalada unalolitafuta halijafunguliwa, na mtu anayejiita mtafiti bila kulinganisha tarehe mbili hastahili hata senti.

Kinachonikera zaidi ni dhana kwamba mahakama za shirikisho ni ghala kuu ambamo majalada ya mahakama za chini hurundikwa. Msomaji wa Kenya, aliyezoea kaunti zisizo na mahakama zake na Idara moja ya Mahakama ya nchi nzima, huona jambo hilo kuwa la kawaida, lakini Marekani haikujengwa hivyo. Sheria ya mwaka 1789 ilianzisha mahakama za wilaya za shirikisho kando ya zile za majimbo, na kila karani akabaki na vitabu vyake. Kwa upande wa tajnisi, yaani mgeni kupewa uraia, hadi Septemba 1906 mwombaji aliweza kwenda mahakama yoyote yenye kumbukumbu rasmi, ya kaunti au ya shirikisho, na wengi walikwenda iliyokuwa karibu. Sheria ya 1906 ndiyo iliyoleta fomu za namna moja na nakala za kupelekwa Washington. PACER nayo ni ya zama za kompyuta. Kutafuta humo jalada la 1894 ni kupoteza muda.

Anza na kadi za faharasa za 1840 hadi 1950 zilizoko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, tawi la Chicago, ambazo picha zake zinapatikana bure FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba. Zimepangwa kwa mfumo wa Soundex, yaani kwa matamshi, hivyo Meyer, Meier na Maier wote wamo chini ya M600. Kadi itataja mahakama na namba ya hati. Ikiwa ni mahakama ya kaunti, omba nakala kwenye hifadhi ya karani wa Circuit Court ya Kaunti ya Cook. Usitegemee makubwa, kwani hati za wakati huo mara nyingi hutaja jina, nchi, tarehe na shahidi tu, bila kijiji wala meli.

Hata pale moto ulipounguza kweli, kisingizio hicho hakitoshi. Kampuni binafsi za mihtasari ya hati za ardhi ziliokoa vitabu vyao mwaka 1871, na sheria ya Illinois ya 1872 ikaruhusu vitumike kama ushahidi. Wauzaji wa "kumbukumbu za umma" hawafiki huko: wanakusanya majina yanayofanana kutoka hifadhidata za bure, wanayachapa kwenye karatasi yenye nembo ya kuvutia, kisha wanadai ada. Karatasi hiyo haina muhuri wa karani wala saini ya ofisi inayotunza jalada, na ofisi inayodai nakala iliyothibitishwa itakurudishia dirishani.