Sanduku la Maoni Lina Vumbi: Maswali Yenu Kuhusu Sauti ya Wanafunzi Skulini

Barua za mwezi huu zimetoka kwa walimu, wazazi na wanafunzi wenyewe, na nyingi zinagusa jambo moja: vipi wanafunzi washirikishwe katika kuziboresha skuli zao. Tumechagua nne.

Assalamu alaykum. Skuli yetu ina sanduku la maoni, limetundikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Muhula mzima tumekuta karatasi nne: mbili za matusi, moja ya mapenzi, na moja imeandikwa neno "choo" tu. Tunataka wanafunzi watusaidie, lakini hawasemi. Tufanyeje?
*Mwalimu, Wilaya ya Micheweni, Pemba*

Waalaykum salaam, Mwalimu. Karatasi ya choo ndiyo yenye maana, na huenda aliyeiandika mpaka leo anasubiri jibu. Anzeni hapo.

Sanduku lenu limekufa kwa mambo mawili. Kwanza ni pale lilipo: anayetumbukiza karatasi mbele ya ofisi anaonekana, na kabla ya kengele ya mapumziko keshaulizwa kaandika nini. La pili, na ndilo kubwa, ni kimya. Mtoto akisema mara moja asijibiwe, mara ya pili hasemi.

Kwa hivyo liacheni sanduku kwanza, mkaulize darasani, wote kwa wakati mmoja. Karatasi ya A4 ikatwe vipande vinne. Karatasi 15 zinatosha darasa la watoto 60. Swali liwe moja na liwe jembamba. Ukiandika "Toa maoni yako kuhusu skuli" utajibiwa "skuli ni nzuri, walimu wanajitahidi". Ukiuliza "Wiki hii, kitu gani kimoja kilikuzuia kusoma?" utaletewa mambo: jua linalopiga ubao hata maandishi hayaonekani, dawati la watu watatu linalokaliwa na watano, kiu, kuogopa kwenda chooni. Dakika kumi zinatosha. Kila mmoja arudishe karatasi, hata ikiwa tupu, asijulikane nani kaandika na nani hakuandika. Mwalimu wa darasa asizikusanye yeye, maana miandiko anaijua; abadilishane darasa na mwenzake.

Kwa wadogo ambao hawajaweza kuandika, tumieni makopo matatu yenye picha, tuseme choo, maji na uwanja, na kila mtoto apewe mbegu moja ya ukwaju aitie kwenye kopo la kinachomsumbua zaidi. Makopo yazibwe juu, yabaki na tundu dogo tu. Yakiwa wazi, watoto watafuata kopo lililojaa.

Angalieni na tarehe. Msimu wa karafuu ukipamba moto madarasa hupungua, na mtoto aliyeko shambani anaweza kuwa ndiye mwenye la kusema kuliko aliyehudhuria. Ijumaa nayo ni siku fupi. Jumanne au Jumatano hufaa. Kama skuli ina mikondo miwili, ulizeni yote miwili: wa mchana hukuta maji yamekwisha na vyoo vimechafuka, kwa hivyo majibu yao hayawezi kuwa sawa na ya wa asubuhi.

Karatasi zikishakusanywa, walimu wawili na wanafunzi wanne wazipange mafungu matatu: ya kurekebishwa na skuli yenyewe bila fedha au kwa fedha kidogo, ya kupelekwa Kamati ya Skuli, na ya kupelekwa ofisi ya elimu ya wilaya. Lakini kabla ya wanafunzi kuzigusa, mwalimu wa ushauri nasaha azipitie zote peke yake, atoe zinazohusu kupigwa au kudhalilishwa. Hizo hazisomwi mbele ya mtu wala hazibandikwi popote. Zinakwenda kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Wanafunzi waambiwe tangu mwanzo kwamba siri ya aina hiyo skuli haiwezi kukaa nayo, na wajulishwe namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo kuipiga ni bure.

Kazi inayoharibika zaidi ni kujibu. Jipeni siku 14, kisha bandikeni karatasi kubwa yenye safu tatu: mlichosema, jibu letu, nani na lini. Mfano: "Choo cha pili cha wasichana hakina komeo. Fundi analitia Jumamosi. Msimamizi: mwalimu wa afya." Au: "Mnataka basi la skuli. Hapana, Kamati haina fedha za kununua wala za mafuta." Hapana yenye sababu ni jibu kamili, na watoto huipokea vizuri kuliko tunavyodhani. Wanachokichukia ni "tutaliangalia". Jambo la kwanza kutekelezwa liwe rahisi na lionekane. Komeo la choo linatosha kuwafanya waamini.

Na kwa kuwa choo kimetajwa, wanafunzi wenyewe wahesabu matundu wakati wa mapumziko. Wasihesabu yaliyojengwa, wahesabu yanayotumika: yenye mlango, komeo, maji na kopo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni tundu moja kwa wasichana 25, na kwa wavulana 50 tundu moja pamoja na sehemu ya kukojolea. Mikondo isijumlishwe, maana haiingii pamoja; chukueni ule wenye watu wengi. Wasichana 300 wa mkondo mmoja wanahitaji matundu 12.

Mkishajibu mara mbili, rudisheni sanduku. Litundikwe wanapopita wengi, si mbele ya ofisi. Liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu asiyeshughulika na nidhamu, mwengine kwa mwakilishi wa wanafunzi. Lifunguliwe kila Alhamisi, hata kama ni tupu. Matusi chaneni, basi. Siku mtakayoanza kulinganisha mwandiko na madaftari, hakuna atakayetia karatasi tena.

Naona tunawafundisha watoto ujeuri. Mtoto akizoea kumsema mwalimu wake, adabu itabaki wapi?
*Mzazi, Jang'ombe, Unguja*

Mzazi wetu, wasiwasi wako una msingi pale watoto wanapoachiwa waseme bila utaratibu. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake. Haukusema mtoto ndiye aamue. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Mtoto, Namba 6 ya 2011.

Kanuni moja inamaliza nusu ya tatizo: kitajwe kitu, asitajwe mtu. "Mwalimu wa hesabu mvivu" haipokelewi. "Kidato cha pili tumekosa vipindi vitatu vya hesabu wiki hii, tunaomba vifidiwe" inapokelewa, na humo hamna ujeuri hata chembe. Jambo pekee lisilofungwa na kanuni hiyo ni udhalilishaji. Hapo mtoto amtaje mtu kwa jina lake, na wewe mzazi uwe wa kwanza kumsikiliza.

Sisi ni wanafunzi wa kidato cha pili. Tuliandika barua kuhusu shida ya maji, muhula umekwisha hatukujibiwa. Tukiandika tena tutaonekana wakorofi?
*Wanafunzi, Mkoa wa Kaskazini Unguja*

Hamtaonekana wakorofi mkiandika vyengine. Nakala mliyotuletea ina malalamiko tisa ndani ya ukurasa mmoja, kuanzia maji hadi rangi ya ukuta. Mwenye kuisoma hajui aanze na lipi, basi huiweka pembeni. Barua moja, jambo moja.

Kabla ya kuandika, pimeni. Siku tano mfululizo andikeni saa ambayo mfereji unakauka. Jueni tangi ni la lita ngapi na mkondo wenu una watu wangapi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa skuli za kutwa ni lita 5 kwa mtu kwa siku, na vyoo vya kumwagia maji huongezewa. Mkiwa 420 mnahitaji lita 2,100. Tangi la lita 1,000 halifiki hata nusu. Kisha andikeni hivi:

"Mwalimu Mkuu, kwa heshima. Sisi kidato cha pili tumepima maji kwa siku tano. Tangi limekauka kabla ya saa nne siku nne kati ya tano. Tunaomba Kamati ya Skuli ilijadili suala la tangi la pili. Kwa upande wetu, tutaweka zamu ya kufunga mifereji kila baada ya mapumziko. Tunaomba kujua siku ya kupata jibu."

Sentensi mbili za mwisho msiziache. Ya kwanza inaonesha mna mchango wenu, ya pili inaomba tarehe. Ipitisheni kwa mwalimu wa darasa, mbaki na nakala yenye siku mliyoikabidhi. Jibu lisipokuja, muombeni yeye awaulizie, halafu mwombeni mzazi mjumbe wa Kamati aiweke kwenye ajenda. Kama shehia yenu ina Baraza la Watoto, nalo lipelekewe, hasa mfereji ukiwa unakauka kijiji kizima, maana hilo si la mwalimu mkuu peke yake.

Viranja tunao tayari. Baraza la wanafunzi la nini tena? Na wageni wakija watoto wetu husoma risala nzuri sana.
*Mjumbe wa Kamati ya Skuli, Chake Chake*

Kiranja ni mkono wa walimu. Anayeandika majina ya wapiga kelele asubuhi hawezi kuwa ndiye anayeambiwa siri mchana. Muacheni na kazi yake, mchague wengine: kila darasa msichana mmoja na mvulana mmoja, kwa kura za siri, mwaka mmoja, wakutane mara moja kwa mwezi kwa dakika 40, na mwalimu mlezi akae bila kuongoza kikao. Kwa skuli ya mikondo miwili, saa ya kupokezana ndiyo inayowakutanisha wote.

Ama risala, nani huiandika? Mtafiti Roger Hart alichora mwaka 1992 ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato vinane, na vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ni ushiriki: mtoto kutumiwa, kuwa pambo, na kuwekwa kwa ajili ya sura tu. Risala iliyotungwa na mwalimu na kukaririwa na mtoto ipo humo. Safari ijayo baraza liandike lenyewe, mwalimu asahihishe tahajia tu. Mgeni atasubiri kidogo, na huenda akasikia habari ya lile tangi.