Mmeuliza kama huku bado nasali

Mwangaluka, ndugu zangu wa Tabora. Shangazi aliuliza kwenye kundi la ukoo, na vijana wa kwaya wakadakia: ni kweli Wazungu wamemwacha Mungu? Na wewe bado unasali, au umeshakuwa kama wao?

Kwa upande wa huku nilipo, Zittau, mashariki mwa Ujerumani, wengi kweli hawana habari na Mungu. Wenzangu kazini hawamchukii, hawakufundishwa tu. Serikali ya kikomunisti ilikaa hapa miaka arobaini, na kijana aliyeng'ang'ania kanisa aliweza kukosa nafasi ya masomo. Halafu kuna kodi. Ukijiandikisha ofisi ya mji unaulizwa dini. Mlutheri au Mkatoliki hukatwa kodi ya kanisa, kwetu Saxony ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, na wengi hujitoa kwa ajili hiyo. Msiwacheke. Sadaka ingekatwa kwenye mshahara wenu kabla hamjaushika, tungeonana.

Mimi nauguza wazee, na zamu za Jumapili ni nyingi. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilisali chumbani, nikisikiliza ibada ya nyumbani kwenye simu. Bando likiisha, na ibada imeisha.

Kisha nikapanda basi kwenda Herrnhut. Kila Mmoravian wa Tabora, yaani muumini wa Kanisa la Moravian kama sisi, amesikia jina hilo. Ni mji mdogo, ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia kwenye ardhi ya kabaila mmoja, Zinzendorf, na miaka kumi tu baadaye wakawa wanatuma wamisionari Karibiani. Kwetu Urambo walifika mwishoni mwa miaka ya 1890. Leo hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania, kwa hiyo nilifika kwa wazazi walio wachache kuliko watoto. Ukumbi wao wa ibada ni mweupe wote, kuta na mabenchi, bila madhabahu, meza tu. Bibi aliyekaa kando yangu alinisogezea kitabu cha nyimbo, akaniuliza natoka wapi. Niliposema Tabora, akajibu, "Sikonge!" Kwa lafudhi ya ajabu, lakini aliitaja, Sikonge yetu ya mkoani Tabora. Amekuwa akiiombea tangu ujana wake. Jamani, tangu nitoke nyumbani hakuna aliyewahi kunitajia Sikonge.

Pasaka tulikwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza, tarumbeta zikilia, kama tufanyavyo sisi. Mawe ya makaburi yamelazwa chini, yote sawa, isipokuwa ya akina Zinzendorf, yaliyoinuliwa katikati. Hata huko bwana ni bwana.

Mlio na hamu ya kusikia kuhusu wito: haukunijia kanisani. Mzee mmoja ninayemhudumia, aliyelelewa bila dini, alinisikia nikiimba huku namfunga vifungo vya shati. Akasema niendelee. Kesho yake akauliza wimbo unasema nini, nikamweleza. Hakuokoka, msianze vigelegele. Aliomba tu niwe napita kwake jioni asipopata usingizi, na sasa napita, hata zamu ikiwa imekwisha. Nilikuja kutafuta pesa, na pesa bado naitafuta, ila saa ile ya jioni silipwi na siwezi kuiacha. Nimejiandikisha kozi ya kukaa na walio karibu kufa. Ushirika wa Herrnhut ndio ulionisukuma. Shangazi, uchungaji si wangu, usianze kushona joho.

Na yule kijana aliyeuliza kama Wamoravian wa huku watamwandikia barua ya viza: hapana, kanisa si wakala wa safari. Asome Kijerumani mpaka akiongee, atafute nafasi ya mafunzo ya uuguzi, kwa sababu huku mwanafunzi wa uuguzi hulipwa akiwa anajifunza. Akipata, anipigie, koti la baridi ninalo la ziada.