Wadogo zangu wa L1 (mwaka wa kwanza wa chuo kikuu), mgongano usio nyumbufu hautaki haraka

Nimetoka kusahihisha enterogasyo (jaribio) yenu ya mekanika, kuhusu migongano isiyo nyumbufu, yaani ile ambayo sehemu ya nishati ya mwendo hugeuka kuwa joto na uharibifu, na naandika sasa hivi kabla huruma haijanishika, kwa sababu nikiwahurumia mtayarudia yale yale kwenye mtihani. Makosa ni ya promosheni iliyopita, na ya ile iliyoitangulia. Akili mnazo, hilo silitilii shaka hata kidogo. Ila mtu akiona neno "mgongano" tu, mkono unakimbilia fomula kabla jicho halijamaliza kusoma swali.

1. Chora mishale kwanza. Chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) yenye mzigo, jumla kilo 300, inateremka kutoka Kibumba kwa mita 4 kwa sekunde. Moto (pikipiki) yenye abiria, jumla kilo 200, inapanda kwa mita 6 kwa sekunde. Zinagongana uso kwa uso na kunasana. Wengi wenu mmejumlisha momenta (kilo mara kasi) za vyote viwili, 1200 na 1200, mkagawa kwa 500, mkapata mita 4.8 kwa sekunde. Kuelekea wapi? Hakuna aliyeandika. Momenta ina mwelekeo: anayepanda mpe alama ya kutoa, jumla inakuwa sifuri, na vyote viwili vinasimama palepale. Jouli 6000 za nishati mwendo (nishati ya kitu kinachokwenda) zimeishia kwenye mbao zilizopasuka, rimu iliyopinda, joto na kelele, na, Mungu apishe mbali, kwenye mifupa ya watu. Msione haya kupita kiasi, maana Descartes mwenyewe, mwaka 1644, alihesabu wingi wa mwendo bila kujali mwelekeo, na kanuni zake nyingi za migongano zikatoka na kasoro. Ila yeye hakuwa na mtu wa kumsahihisha. Ninyi mnaye.

2. Kata tukio vipande. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pointi zenu zinapomwagika.

Swali lilikuwa la penduli ya balistiki, kile chombo ambacho Mwingereza Benjamin Robins alikieleza mwaka 1742 kwa ajili ya kupima kasi ya risasi. Najua neno risasi limewachosha watu wa mji huu, nami ningependa vitabu vitumie donge la udongo, lakini mtihani utaleta risasi, basi tuizoee kwenye karatasi. Risasi ya gramu 10, mita 400 kwa sekunde, inazama ndani ya gogo la kilo 1.99 lililoning'inia kwenye uzi wa mita moja. Gogo litapanda kimo gani?

Mdogo mmoja, kijana ninayemheshimu kwa bidii yake, alikwenda ubaoni bila kusita. Akaandika nishati mwendo ya risasi, jouli 800. Akaisawazisha na mgh (nishati ya kimo: masi mara mchapuko wa mvutano wa dunia mara kimo) ya gogo na risasi pamoja. Akagawa vizuri, akapata mita 40.8, akapiga fremu ya mistari miwili kuzunguka jibu. Nikamwambia asome tena urefu wa uzi. Akasoma: mita moja. Akaangalia fremu yake, akaangalia uzi aliouchora mwenyewe kwa chaki, kisha akanigeukia: "Lakini yaya (mkubwa wangu), si tumefundishwa nishati haipotei?"

Darasa lote lilikuwa upande wake, na ninaelewa kwa nini. Sentensi hiyo mmeibeba tangu humanités (sekondari), na ni ya kweli. Nishati haipotei. Ila nishati mwendo si nishati yote. Risasi inapochimba mbao inachana nyuzi zake, inazipasha moto, inatoa mlio. Vyote hivyo vinalipiwa, na anayelipa ni nishati mwendo. Momenta haiwezi kulipia kitu: nguvu ya risasi kwa gogo na nguvu ya gogo kwa risasi ni sawa na zinapingana, kwa hiyo anachopoteza mmoja anakipata mwenzake chote.

Basi tukaanza upya. Kipande cha kwanza, mgongano wenyewe, sehemu ndogo mno ya sekunde: momenta peke yake. 0.01 mara 400 ni 4. Gawa kwa kilo 2, unapata mita 2 kwa sekunde. Kipande cha pili, gogo linapanda: sasa nishati ya mekanika (nishati mwendo pamoja na ya kimo) inahifadhiwa, kwa sababu hakuna kinachochanika tena. Jouli 4, na kimo ni sentimita 20. Uzi wa mita moja unakipokea bila shida.

Kutoka jouli 800 hadi 4! Kijana alitaka kujua zile 796 ziko wapi, na kwa nini mtu akiligusa gogo hahisi moto. Swali zuri kuliko swali la mtihani. Joto hilo likisambaa kwenye kilo mbili za mbao, linazipandisha takriban robo ya nyuzijoto moja ya Selsiasi tu. Mkono wako hauwezi kuligundua. Njia ya mkato ya kuhakiki: nishati mwendo ni momenta ya mraba ikigawanywa kwa masi mara mbili. Momenta imebaki ile ile, masi imekuwa mara 200, basi nishati imegawanyika kwa 200.

Wachache waliokwepa shimo hilo wametumbukia la upande wa pili: wametumia momenta hadi gogo liliposimama juu. Haiwezekani. Gogo linapopanda, uzito na uzi vinalivuta kutoka nje.

3. Gunia likipanda si sawa na gunia likishuka. Chukudu na mwenyewe, kilo 120, zinakwenda mita 3 kwa sekunde. Gunia la kilo 60 linadondoshwa wima juu yake, kasi inakuwa 2. Sawa, wote mmepata. Halafu gunia linateleza na kuanguka, nanyi mnarudisha kasi kuwa 3! Gunia lililoanguka lilikuwa na mita 2 kwa sekunde zake na limeondoka nazo. Chukudu inabaki na 2. Kuchana na kupasha moto hakurudi nyuma kama filamu.

4. Andika "mara tu kabla" na "mara tu baada" juu ya mchoro. Gramu ziwe kilo.

5. Breki. Mmoja aliuliza kama mwenye chukudu akikanyaga raba ya nyuma momenta bado inahifadhiwa. Ardhi ni kitu cha nje, kwa hiyo kwa muda mrefu hapana. Lakini msuguano wa niutoni 300 kwa sehemu ya kumi ya sekunde unaondoa momenta 30 tu kwenye 1200 ya ile chukudu yenye mzigo, ndiyo maana tunaupuuza wakati wa mgongano, na wakati huo tu.

Kwenye TP (kazi ya mazoezi) ijayo nitauliza hivi: chukudu ile ile tupu, kilo 120, mita 3 kwa sekunde, inapokea magunia mawili ya kilo 60, kwanza moja kisha la pili. Je, kasi ya mwisho na nishati iliyopungua zinatofautiana na kuyapokea yote mawili kwa mpigo? Njooni na karatasi iliyoandikwa kwa biki, mishale imechorwa, vipande vimetenganishwa.